Kutengeneza Fenda za Kamba kwa Mkono kwa Boti za Mfano

Hakuna kinachosaliti skeli ya boti ya mfano upesi kama fenda ya kamba, ule mto unaoning'inizwa ili boti isigongane na gati. Mwili unaweza kuwa umepigwa msasa na rangi ukang'aa, madirisha yamekaa sawasawa, kisha ubavuni kunaning'inia fenda ya uzi mnene kupita kiasi, na boti nzima inageuka kitu cha kuchezea. Ndiyo maana kazi hii haianzi na ukubwa wa fenda. Inaanza na unene wa uzi. Uzi sahihi ukishapatikana, kinachobaki ni mkono mtulivu na mkazo usiobadilika tangu kifundo cha kwanza hadi cha mwisho.

Hapa tunaeleza aina tatu: fenda ya ubavuni iliyovikwa vifundo, ambayo ndiyo shule ya nyingine zote, fenda nyembamba ya kusukwa kwa ncha nne, na fenda kubwa ya omo, yaani mbele ya boti, yenye ndevu za nyuzi zinazoning'inia, ile ya boti za kuvuta meli. Vipimo vingi ni vya skeli ya 1:24, yaani mm 1 ya mfano ni mm 24 za boti halisi, lakini hesabu yake inafaa skeli yoyote.

Hesabu kabla ya mkasi

Chukua fenda halisi yenye urefu wa sm 60, kipenyo cha sm 20, iliyovikwa kamba ya mm 12. Kwa 1:24 inakuwa na urefu wa mm 25, kipenyo cha mm 8 na ushee, na uzi wa mm 0.5. Kwa 1:32 ni karibu mm 19 kwa mm 6, uzi wa mm 0.4. Kwa 1:48 ni mm 12.5 kwa mm 4, uzi wa mm 0.25. Ukifika 1:72 uzi unakuwa chini ya mm 0.2, na hapo vifundo vya sindano havionekani tena kwa macho ya kawaida. Kwa skeli hiyo na ndogo zaidi, zungushia uzi mwembamba juu ya kijiti cha waya, mzunguko ukigusana na mwenzake, upake gundi nyepesi, basi. Kutumia saa nyingi kufunga vifundo visivyoonekana ni hasara tupu.

Usiamini unene ulioandikwa kwenye kibandiko cha uzi. Upime mwenyewe: zungusha uzi mara 20 kwenye kijiti kilaini, isogeze mizunguko igusane bila kuibana, pima upana wake kwa rula, kisha gawanya kwa 20. Mizunguko 20 ikichukua mm 10, uzi wako ni wa mm 0.5. Ukijikuta kati ya nyuzi mbili, mmoja mnene kidogo na mwingine mwembamba kidogo, chukua mwembamba. Ukipita kidogo upande wa wembamba hakuna anayeona. Ukipita upande wa unene kila mtu anaona.

Angalia pia kama boti yako ilikuwa na fenda za kamba kweli. Boti za kuvuta meli za enzi za mvuke zilikuwa nazo kwa wingi. Nyingi za baadaye zilivishwa matairi ya magari au mpira uliotengenezwa kiwandani. Boti nyembamba za mifereji ya Uingereza, zenye upana wa futi 7 hivi, hubeba fenda za kamba omo na tezi (nyuma), na za tezi huwekwa nyuma ya usukani ili kuukinga. Picha ya boti halisi, hata moja, ina thamani kuliko kukisia. Ndani yake hesabu vifundo vinavyoonekana upande mmoja wa fenda, uzidishe kwa mbili, na utajua mzunguko mmoja una vifundo vingapi.

Uzi na vifaa

Uzi wa kitani ni bora kuliko wote kwa kazi hii: una mng'ao mdogo, nywele chache, na haunyumbuki. Pamba inakubali rangi vizuri lakini ina nywele, na nywele hizo kwa 1:24 huonekana kama majani yaliyoota kwenye kamba. Poliesta haina nywele na haiogopi maji, ila inang'aa na haikubali rangi ya chai. Nailoni iache. Inanyumbuka mkononi, ukimaliza inarudi, na vifundo vyote vinalegea.

Kama ni pamba au kitani, fanya mambo manne kwa mpangilio huu. Kwanza ulowanishe uzi na uukaushe ukiwa umevutwa kidogo, ili usinywee baadaye ukiwa tayari umefungwa. Pili utie rangi. Tatu uupitishe haraka juu ya mwali mdogo wa mshumaa, mkono usisimame, ili nywele ziungue. Nne uuvute mara mbili juu ya nta ya nyuki. Mpangilio huu haugeuzwi: ukitangulia nta, rangi haishiki, na mwali unaiyeyusha nta na kuuwasha uzi. Poliesta isisogezwe kwenye moto hata kidogo, kwani inayeyuka na kuwa shanga ngumu.

Kuhusu rangi, kamba mpya ya manila ina rangi ya majani makavu, karibu na dhahabu iliyofifia. Ikikaa juani na kwenye maji ya chumvi inakuwa kijivu chenye kahawia. Chai kali ya mifuko minne katika mililita 250 za maji ya moto, uzi ukikaa humo dakika 20 hadi 30, inatoa rangi ya kamba iliyotumika miezi michache. Suuza vizuri maana chai ina asidi, na uzi ukikauka na asidi ile hudhoofika kwa miaka. Tia rangi uzi wote wa fenda zote kwa mara moja. Sufuria ya pili ya chai haitoi rangi ileile.

Vifaa ni vichache: sindano butu za mkeka wa kutarizi, namba 26 au 28 kwa uzi wa mm 0.5 na namba 22 kwa uzi wa mm 1, kibano chenye ncha nyembamba, mkasi mkali wa nyuzi, kalipa au rula nzuri, jiliwa (kibanio) ndogo ya mezani, pini, gundi nyeupe ya mbao, na miwani ya kukuza. Sindano lazima iwe butu. Sindano kali hupasua uzi badala ya kupita chini yake, na kifundo kilichopasua uzi hakikazi sawa na wenzake.

Gundi ya kukauka papo hapo iweke mbali na kazi hii. Inapenya kwenye uzi, inaacha doa jeusi linalong'aa ambalo hakuna rangi itakayolificha, na uzi unakuwa mkavu wa kukatika. Zaidi ya hayo, gundi hiyo ikikutana na pamba nyingi kwa pamoja huchemka ghafla kiasi cha kuunguza vidole. Mtu akiimimina kwenye kiini cha pamba anaweza kuumia.

Fenda ya ubavuni, hatua kwa hatua

Uti. Kata kamba ya mm 1 yenye urefu wa sm 12, ikunje katikati, na ufunge shingo kwa uzi mwembamba mizunguko mitano au sita, ukiacha jicho la mm 3 juu. Miguu miwili inayobaki chini ndiyo uti wa fenda. Kati ya miguu hiyo laza kipande cha waya wa shaba, au risasi ya chubwi iliyopondwa ikawa bapa, chenye urefu wa mm 15. Kazi yake ni uzito. Fenda halisi inaning'inia kwa sababu ni nzito. Yako ina uzito wa gramu moja au chini, na bila kitu hicho itasimama imejitenga na ubavu kama tawi.

Kiini. Juu ya uti zungushia uzi laini wa pamba wa kufumia, kwenda na kurudi, ukianza mm 2 chini ya shingo. Katikati iwe nene, miisho iwe myembamba. Hapa ndipo wengi wanapokosea kipimo: ganda la vifundo linaongeza unene wa karibu uzi mmoja na nusu hadi miwili kila upande. Kwa hiyo ukitaka fenda ya mm 8 kwa uzi wa mm 0.5, kiini kiishie kwenye mm 6 hadi 6.5, na urefu wake uwe mm 23, si 25. Kipake gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya gundi kwa tatu za maji, kiviringishe kwenye ubao kikiwa kibichi ili kipate umbo, na ukiache usiku mzima. Kiwe kigumu kiasi cha kutobonyea kwa ukucha, lakini sindano iweze kupenya. Wapo wanaotumia kijiti cha mbao. Kinaenda haraka, lakini ganda linateleza juu yake na mwisho wa uzi hauna pa kujificha.

Kianzio. Bana jicho kwenye jiliwa, fenda ikining'inia chini. Chukua uzi wa sm 60, usizidi 70. Uzi mrefu zaidi unapita kwenye vitanzi mara nyingi mno na kuchakaa kabla haujafika mwisho. Zungusha mara mbili shingoni, ufunge, na ncha ya sm 2 uilaze juu ya kiini ili ifunikwe na kazi inayofuata.

Kifundo. Hiki ni mshono uleule wa kuzungushia tundu la kifungo, ila hapa haushikani na nguo: kila mzunguko unaushika mzunguko ulio juu yake. Pitisha sindano kutoka juu kwenda chini, chini ya ule uzi wa shingoni, uitoe ikiwa juu ya kitanzi cha uzi wake yenyewe, kisha uvute kwanza kuelekea chini, halafu kidogo kuelekea kulia. Kifundo kimoja hicho. Sogea kulia mm 1.5, rudia. Funga vifundo 8 kuzunguka shingo. Anayetumia mkono wa kushoto aende kushoto, hakuna tofauti, mradi fenda zote za boti moja ziende upande mmoja.

Mzunguko wa pili na kuendelea sindano haiingii tena chini ya uzi wa shingoni. Inaingia kwenye kitanzi kilichopo kati ya vifundo viwili vya mzunguko wa juu. Hakuna pa kusimama wala kufunga kati ya mzunguko na mzunguko. Kazi inashuka kwa mzunguko wa konokono hadi mwisho.

Kuongeza. Kiini kinavyonenepa, vifundo 8 havitoshi. Ongeza viwili kila mzunguko, kimoja kila upande, kwa kuingiza sindano mara mbili kwenye kitanzi kimoja: 8, 10, 12, 14, 16. Katika mzunguko unaofuata hamisha mahali pa kuongezea. Ukiongeza mahali palepale mara tatu mfululizo utaona mstari wa matundu ukishuka ubavuni mwa fenda, na hauondoki.

Kwa nini 16? Kifundo kimoja huchukua upana wa karibu nyuzi tatu, yaani mm 1.4 hadi 1.5 kwa uzi huu, na mzingo wa ganda ni mm 22 hivi. Uzi wako ukiwa tofauti, gawanya mzingo kwa unene wa uzi mara tatu, na uchukue namba shufwa inayofuata juu yake.

Mwili. Sasa shuka na vifundo 16 kwa mizunguko 20 hivi. Kila mzunguko una kimo cha karibu mm 0.9, hivyo mizunguko minne ya juu, 20 ya kati na minne ya chini inakupa mm 25 zako. Hapa hakuna la ajabu, ila mkazo. Vuta mpaka kifundo kikae, usivute mpaka kitanzi kipotee. Kipimo chake ni sindano yenyewe: katika mzunguko unaofuata iingie kwenye kitanzi bila kulazimishwa. Ikigoma, umekaza mno. Ikipita bila kugusa, umelegeza. Kila baada ya mizunguko mitatu hesabu vifundo, na kwa upande wa nyuma wa sindano sukuma safu zote juu zikutane.

Utaona vifundo vikijipanga katika mistari inayolala upande. Ndivyo kazi hii ilivyo hata kwenye fenda kubwa, usijaribu kuinyoosha. Kosa ni pale mistari inapolala zaidi katikati kuliko juu. Hiyo ni dalili kwamba mkono umebadilisha mkazo.

Kuunga uzi. Ukibakiwa na sm 7, usifunge fundo. Laza ncha ya zamani juu ya kiini ikielekea chini. Ingiza uzi mpya chini ya ganda, mizunguko miwili juu, utokee kwenye kitanzi kilekile alichoishia mwenzake, na mkia wake pia uelekee chini. Mizunguko mitatu au minne inayofuata itaifunika yote. Uzi wote unaohitajika kwa fenda ya ukubwa huu ni mita 2 hadi 3, kutegemea mkono. Ili kujua wako, funga vifundo 10 kwenye kiini cha majaribio, pima uzi uliotumika, zidisha.

Kupunguza na kufunga. Kiini kinapoanza kuisha, ruka kitanzi kimoja kila upande katika kila mzunguko mpaka ubaki na vitanzi sita au vinane. Pitisha uzi ndani ya vyote, kaza polepole mpaka vifumbe, kisha choma sindano ndani ya kiini na uitoe ubavuni, mm 10 juu. Vuta kidogo, kata uzi ukiwa umevutwa, na ncha itarudi ndani yenyewe. Kama fenda halisi ilikuwa na kamba ya chini, acha miguu ya uti itoke kwenye lile tundu la mwisho kabla hujakaza.

Zungusha fenda iliyokamilika kati ya vipande viwili vya ubao kwa mkandamizo mdogo. Matuta madogo yatalala na ganda litakaa sawa juu ya kiini.

Yanayoharibika na sababu zake

Kiini kikionekana kati ya vifundo, ama uzi ni mwembamba kwa idadi ya vifundo uliyofunga, ama kiini ni cheupe na uzi umetiwa rangi. Dawa ya la pili ni rahisi: tia chai kiini pia, na hata pengo likiwapo halitaonekana. Tunapendekeza ulifanye kila mara.

Fenda ikitoka ikiwa na kiuno katikati, ulichoka. Mkono uliochoka hukaza zaidi. Afadhali ufunge nusu leo na nusu kesho, mradi kila unapoanza urudie vifundo vitano kwenye kipande cha majaribio ili mkono ukumbuke mkazo wa jana.

Ganda likizunguka juu ya kiini ukilishika, kiini kilikuwa kilaini kilipofungwa na sasa kimenywea. Ingiza gundi nyepesi kwa sindano ya bomba kupitia tundu la chini, matone mawili tu. Fenda moja ikionekana fupi kuliko wenzake, usiivute ili irefuke, itakonda. Iweke mahali pasipoonekana sana, upande wa tezi.

Fenda nyembamba ya ncha nne

Kwa fenda ndogo ndefu, zile zinazoachwa zikining'inia muda wote kwenye boti za kazi, vifundo vya sindano si lazima. Chukua kamba mbili za mm 1.2, kila moja sm 45, zikunje pamoja katikati na ufunge jicho kwa uzi. Sasa una ncha nne zinazoning'inia. Geuza jicho chini, ncha zitazame juu na kusambaa pande nne. Ncha ya kwanza ilaze juu ya ya pili, ya pili juu ya ya tatu, ya tatu juu ya ya nne, na ya nne ipite ndani ya kitanzi kilichoachwa na ya kwanza. Vuta zote nne kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka zifumbe. Rudia.

Ukizungusha upande uleule kila mara, fenda inatoka ya duara. Ukibadilisha, mara moja kulia na mara moja kushoto, inatoka ya pembe nne. Zote mbili zipo kwenye boti halisi, ila usichanganye ndani ya fenda moja kwa kusahau: utapata sehemu ya mraba inayoishia ghafla kwenye mviringo. Kila ncha inatumia urefu wa mara nne na nusu hadi tano ya urefu wa fenda. Kwa mm 30, sm 15 kwa kila ncha, na zilizobaki ni za kushika. Mwishoni zirudishe ncha zote ndani, kila moja chini ya vifundo viwili vya upande wake, tone la gundi, kata.

Fenda ya omo yenye ndevu

Hii ndiyo fenda inayoipa boti ya kuvuta meli uso wake, na inastahili subira. Funika omo ya boti kwa karatasi nyembamba ya nailoni ili gundi isishike rangi. Pinda waya wa shaba wa mm 1.5 ufuate omo kwa pale fenda itakapokaa, na kila mwisho uukunje uwe pete ya mm 4. Kwa boti ya 1:24 urefu wa mm 180 kutoka pete hadi pete ni wa kawaida, unene wa mm 20 katikati na mm 7 miishoni.

Jenga unene kwa kulaza kamba za pamba kwa urefu, si kwa kuzungusha tu. Laza kamba nne au tano za urefu wote juu ya waya, zifunge kwa uzi kila baada ya mm 10. Kisha laza nyingine fupi zaidi, na nyingine fupi zaidi, zote zikiwa na katikati moja. Ncha za kila tabaka zikate kwa mshazari, la sivyo kila tabaka litaacha ngazi inayoonekana hata baada ya kuvikwa. Mwisho zungushia uzi wa pamba fenda nzima, paka gundi nyepesi, na uifungie kwenye omo ikauke ikiwa imeshika umbo. Upande wa nyuma utakandamizwa kidogo na kuwa bapa, na ndivyo inavyotakiwa.

Vika vifundo kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Kuanzia katikati kwenda pande mbili kunavutia kwa sababu ya ulinganifu, lakini maungio yanaangukia pale pale macho yanapotua kwanza. Kwa kuwa fenda imepinda, upande wa nje ni mrefu kuliko wa ndani: vifundo vya nje vitaachana na vya ndani vitasongamana. Acha vya ndani visongamane, vitafichwa na mwili wa boti. Wewe kila baada ya mizunguko mitano sukuma safu za nje zirudi, na kama pengo linabaki, ongeza nusu mzunguko: funga vifundo vya upande wa nje tu, kisha urudi kinyume juu yake hadi ulipoanzia, ndipo uendelee na mzunguko kamili. Kwa uzi wa mm 0.8, katikati utakuwa na vifundo 24 hadi 26.

Ndevu huja baada ya ganda. Kata vipande 150 vya kamba ya mm 0.6, kila kimoja mm 35. Ni mita tano na robo kwa jumla. Anza safu ya chini kabisa. Kwa sindano ya kroshia ya mm 0.6 pita chini ya kifundo kimoja, vuta kipande kilichokunjwa katikati mpaka kitokee kitanzi, pitisha ncha zake mbili ndani ya kitanzi hicho na ukaze kuelekea chini. Jaza safu nzima, kisha panda safu mbili za vifundo juu, uanze nyingine. Safu tano zinatosha. Ukianzia juu, kila safu mpya itakulazimu uinue ndevu za iliyopita, na nusu yake utazifunga ndani kwa bahati mbaya.

Ndevu zote zikishakaa, zifumue kwa pini, zichane kwa mswaki mkavu, zilowanishe, zichane tena, ziache zikauke zikitazama chini. Ndipo unyoe. Usinyoe kwa mstari ulionyooka kama pindo la pazia. Kata kwa ncha ya mkasi ikiwa wima, kidogo hapa na kidogo pale, katikati ndefu zaidi.

Kumalizia na kufunga

Kwa boti inayokwenda majini, pamba na kitani lazima zifungwe: kamba za mimea zikilowa hunenepa na kufupika, na zikikaa na unyevu huota ukungu. Paka vanishi ya akriliki isiyong'aa, nusu kwa nusu na maji, mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili pulizia hewa ili isizibe matundu kati ya vifundo. Uzi wenye nta nyingi utaikataa vanishi hiyo, kwa hiyo kwa boti za majini pitisha nta mara moja tu, au tumia poliesta iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani. Gundi ya ndani nayo iwe ile isiyoogopa maji.

Uchakavu uwe na sababu. Tumbo la fenda linalosuguana na gati huwa limelala na kupauka: gusa hapo kwa brashi karibu kavu yenye rangi ya majani makavu. Mabondeni kati ya vifundo kuna uchafu: pitisha kahawia nyeusi iliyochujuka sana, ufute mara moja. Sehemu ya chini iliyo karibu na maji ipate kijani kidogo. Na ubavuni mwa boti, nyuma ya kila fenda, weka mikwaruzo ya kusimama upana wa fenda yenyewe, kwa sababu boti inapanda na kushuka na mawimbi.

Kamba ya kuning'inizia ipote mwenyewe, inapendeza kuliko uzi wa dukani. Shika uzi wima uangalie: kama mistari yake inalala kama mkono wa kati wa herufi Z, chukua nyuzi mbili kwa kila pote (msokoto mmoja kati ya mitatu inayounda kamba), upote kinyume chake, kisha pote tatu ziunganishe zijisokote zenyewe kurudi upande wa Z. Ukipota uzi mmoja mmoja utapata kamba inayozunguka kushoto, wakati kamba nyingi za boti huzunguka kulia. Anza na urefu wa mara moja na nusu ya unaouhitaji.

Pitisha kamba hiyo kwenye jicho la fenda, ifunge ukingoni au kwenye pete ya sitaha kwa namna ambayo tumbo la fenda liwe sawa na ubao wa ubavuni unaosuguana na gati, na ncha ya chini isiguse maji boti ikiwa imesimama. Loweka kamba kwa gundi nyepesi ikiwa imefungwa, ning'iniza kibanio kizito chini ya fenda, na uiache hadi kesho yake. Itakauka ikiwa imenyooka kwa uzito. Fenda ya omo inataka vifungo vitatu: viwili vya kamba kutoka kwenye zile pete za miishoni hadi kwenye nguzo za sitaha, na kimoja cha mnyororo au kamba kinachopita chini yake katikati na kushikwa kwenye gubeti (ncha ya mbele ya boti), ili boti ikisukuma, fenda isipande juu. Kwa boti ya majini, badala ya mafundo tumia kulabu ndogo za waya kwenye vifungo hivyo. Fenda itoke baada ya kila safari, ikaushwe peke yake, isikauke ikiwa imelala juu ya rangi ya boti.